Kutoka Kwaresima hadi Pentekoste katika usharika wa Kipresbiteri Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasema Kiswahili waliohamia Marekani na wanaoabudu, au wanaofikiria kuabudu, katika usharika wa Kipresbiteri ambao washarika wake wengi ni Wamarekani. Wengi wetu tumelelewa PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, huko Kenya. Wengine wametoka KKKT (Walutheri wa Tanzania), Moravian, Anglikana au makanisa ya Kongo na Burundi, wakaletwa kanisani na jirani au na watu waliowapokea walipofika kama wakimbizi. Maswali yenyewe ni yale ninayoulizwa kila mwaka kuanzia Februari hadi Juni. Majibu yanahusu hasa PC(USA), yaani Presbyterian Church (U.S.A.), kanisa ninalolitumikia kama shemasi.

Nimeshauriwa nisubiri Pasaka ndipo nianze kuhudhuria. Ni ushauri mzuri?

Hapana. Pasaka ndiyo Jumapili ngumu kuliko zote kwa mgeni anayetafuta watu. Kanisa hujaa hadi viti vya ziada vinapangwa nyuma, wajukuu wamekuja kutoka majimbo mengine, wazee wa kanisa wanakimbizana na maua na vikombe vya ushirika, na ibada ikiisha kila mmoja anawahi chakula nyumbani kwake. Utasalimiwa kwa furaha na watu hamsini, na Jumapili inayofuata hakuna atakayekumbuka jina lako. Hawana ubaya, siku ndiyo ilivyo.

Anza na Jumatano za Kwaresima. Sharika nyingi huwa na chakula cha jioni katikati ya wiki: supu aina mbili tatu, mkate, na baada ya hapo nusu saa ya kusoma Neno au kuomba. Watu ni wachache, mnaketi kwenye meza za duara ukumbini, na hakuna anayeharakisha. Pale ndipo mzee wa miaka themanini anakuuliza umetoka wapi na kusikiliza jibu hadi mwisho. Ukihudhuria Jumatano tatu au nne, Pasaka itakukuta una watu wa kuketi nao, na mtoto wako atakuwa anajua mlango wa kuelekea kwa wenzake. Kati ya yote yaliyomo katika ukurasa huu, hili ndilo ninalolisisitiza zaidi.

Tarehe ni zipi?

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, Pasaka 5 Aprili na Pentekoste 24 Mei. Mwaka 2027 ni 10 Februari, 28 Machi na 16 Mei. Kwa hesabu ya makanisa ya Magharibi, Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo haiwezi kuja kabla ya 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Siku arobaini za Kwaresima hazihesabu Jumapili, maana kila Jumapili ni siku ya ufufuo hata katikati ya toba.

Usidanganyike kwa kuwa msimu huu huitwa machipuko. Pasaka ikiangukia Machi, Minnesota na Maine bado unaweza kukanyaga theluji ukiingia kanisani, wakati Georgia miti imeshachanua. Beba koti.

Nilifika saa nne kamili, nikakuta ibada inakwisha. Kumetokea nini?

Saa zimesogezwa mbele. Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku huwa saa tisa, na mambo hubaki hivyo hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini saa ya ukutani na ya jikoni hazijirekebishi. Arizona, isipokuwa eneo la Wanavajo, na Hawaii hawabadilishi kabisa. Kwa anayepiga simu nyumbani: kutoka New York, Nairobi na Dar es Salaam wako mbele kwa saa nane wakati wa baridi, na saa saba baada ya badiliko hili.

Tulifundishwa kwamba majivu ni ya Wakatoliki. Mbona hapa Wapresbiteri wanapakwa?

Hili huulizwa zaidi na waliolelewa PCEA, na wana haki ya kushangaa. Wamisionari wa Scotland waliofika Kibwezi mwaka 1891, kisha wakahamia Kikuyu mwaka 1898, walitoka katika desturi iliyozishuku sikukuu zote za kanisa. Mwongozo wa ibada uliotolewa Westminster mwaka 1645 ulisema wazi kwamba sikukuu zisizo na msingi katika Neno la Mungu zisiendelezwe, na siku pekee ya kutakaswa ni Siku ya Bwana. Kwa vizazi vingi Mpresbiteri wa Scotland alikwenda kazini siku ya Krismasi kama siku nyingine yoyote.

Wapresbiteri wa Marekani nao walianza hivyo hivyo. Mabadiliko yalikuja polepole. Kitabu cha ibada cha mwaka 1906 kilikuwa na sala za Ijumaa Kuu na Pasaka, na kile cha mwaka 1993 kina utaratibu kamili wa Jumatano ya Majivu. Kilichowasukuma ni kurudi kuwasoma mababa wa kanisa la kale na kuona kwamba kalenda hii ni ya zamani kuliko mgawanyiko wetu. Mimi naona walifanya vyema. Kuambiwa usoni kwamba wewe ni mavumbi na mavumbini utarudi, kisha kumsikia mtoto aliye nyuma yako kwenye mstari akiambiwa maneno hayo hayo, ni mahubiri tosha.

Hulazimishwi lakini. Ukibaki kwenye kiti chako hakuna atakayekutazama vibaya. Na ukipakwa, si lazima uyafute kabla ya kwenda kazini, wala si lazima uyaache.

Wameandika kwamba kutakuwa na potlaki. Nilete nini?

Potlaki ni kila nyumba kuja na chakula chake kilichokwisha kupikwa, vyote vikapangwa mezani na watu wakapakua. Leta unachokijua. Pilau, chapati na sambusa huisha mapema kuliko vyote, na mwaka wa pili utaombwa uvilete tena. Ugali leta ukiwa moto na mboga yake pembeni, na usimame karibu umwonyeshe mtu namna ya kuumega. Watu hupenda kuonyeshwa.

Jambo moja lisisahaulike: andika kwenye karatasi vilivyomo, na uiweke mbele ya chombo. Hapa wapo watu, hasa watoto, ambao karanga kidogo tu inaweza kuwapeleka hospitali usiku huo huo. Kama mboga yako ina karanga, andika kwa herufi kubwa na ulete kijiko chake maalumu kisichanganywe na vingine. Andika pia kama kuna nyama ya nguruwe, maziwa au ngano.

Chombo kiandikwe jina lako chini. Ukikisahau kitaoshwa na kukusubiri jikoni.

Tena, usiondoke mara tu baada ya kula. Kukunja meza, kufagia na kuosha sufuria ni sehemu ya ushirika, na kwa wengi wetu ndipo Kiingereza kilipolegea, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Juma Kuu lina ibada ngapi, na ni lazima nihudhurie zote?

Si lazima, ila ukiweza hudhuria zote, kwa sababu zinasimulia habari moja. Jumapili ya Mitende watoto huingia na matawi wakiimba Hosana. Sharika nyingi hununua matawi yanayovunwa misituni Guatemala na Mexico kwa utaratibu unaomlipa mvunaji bei ya haki bila kuua mmea. Matawi hayo huhifadhiwa na kuchomwa mwaka unaofuata yawe majivu. Kwa mtu wa Pwani aliyezoea kukata makuti nyuma ya nyumba, kununua tawi ni ajabu, lakini hapa mitende haioti isipokuwa kusini.

Alhamisi Kuu ni Meza ya Bwana. Mahali pengi usiku huo, au kesho yake, mishumaa huzimwa mmoja mmoja kadiri masomo ya mateso yanavyosomwa, kitambaa cha mezani kikaondolewa, na watu wakatoka bila kusemezana. Usimsalimie mtu mlangoni usiku huo. Ijumaa Kuu mara nyingi ni ibada fupi ya mchana au jioni, na katika miji midogo huunganishwa na Wamethodisti, Walutheri na wengine.

Nafanya kazi Jumapili na Ijumaa Kuu. Naweza kuomba ruhusa?

Ndiyo, na omba mapema. Kenya na Tanzania, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa. Marekani serikali kuu haiitambui hata moja kati ya hizo, ingawa baadhi ya majimbo huifunga Ijumaa Kuu. Wengi wetu tunatunza wazee au tunafanya kazi maghalani, na zamu haziangalii kalenda ya kanisa.

Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi awapatie nafasi ya ibada pale inapowezekana. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliikazia, katika kesi ya mfanyakazi wa posta wa Pennsylvania, Gerald Groff, aliyekataa kufanya kazi Siku ya Bwana: mwajiri hawezi kukataa kwa sababu ya usumbufu mdogo, sharti aonyeshe gharama kubwa kweli kwa biashara yake. Hii haina maana kwamba utapewa kila unachoomba. Ina maana kwamba ombi lako ni halali. Andika barua fupi, wiki kadhaa kabla, taja tarehe, na jitolee kubadilishana zamu na mwenzako. Ukihitaji, mchungaji atakuandikia barua ya kuthibitisha.

Ibada ya alfajiri ya Pasaka inafanyika wapi, na kwa nini nje?

Makaburini, bustanini, kando ya ziwa, au kwenye maegesho ya magari ya kanisa kama hakuna pengine. Desturi hii tumeipata kwa Wamoravian: mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, vijana walikwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza wakaimba nyimbo za ufufuo. Kwa hiyo Mtanzania aliyekulia Moravian kule Rungwe au Tabora asijione mgeni asubuhi hiyo, sisi ndio tuliokopa kwa kanisa lake.

Vaa soksi mbili. Baada ya ibada kwa kawaida kuna staftahi ukumbini, na wapishi ni wanaume wa usharika au vijana wanaochangisha fedha za safari yao. Hiyo staftahi ni ya pili kwa thamani baada ya supu za Jumatano.

Ibada kubwa ya baadaye ina mambo mawili ya kujua. Kuna mayungiyungi meupe mbele ya kanisa, kila chungu kimelipiwa kwa kumkumbuka mtu aliyefariki, na majina yamechapwa kwenye karatasi ya ibada. Unaweza kuandikisha jina la mama au baba aliyezikwa nyumbani, na nakushauri ufanye hivyo. Washarika watalisoma, na wengi watakuuliza alikuwa nani. Vitunguu vya maua hayo karibu vyote hulimwa kwenye ukanda mwembamba wa pwani mpakani mwa California na Oregon. Pili, sharika nyingi huweka msalaba wa mbao uliofunikwa wavu wa waya, na kila anayeingia huchomeka ua hadi mbao isionekane. Njoo na ua lako, hata la porini.

Naruhusiwa kusema amina, kupiga makofi, kupiga vigelegele?

Unaruhusiwa. Hutasikia wengine wakifanya hivyo, basi. Ibada ya hapa huchukua saa moja hivi, kinanda kinaongoza, toba husomwa kwa pamoja kutoka kwenye karatasi, na furaha yao hukaa zaidi kwenye uimbaji wa sauti nne. Usichukulie utulivu kuwa ubaridi. Nimemwona bibi asiyetikisika tangu wimbo wa kwanza akifuta machozi kwenye wimbo wa mwisho. Na kigelegele kimoja siku ya Pasaka, baada ya mchungaji kutangaza kwamba Kristo amefufuka, kimepokelewa vizuri kila mara niliposhuhudia.

Watoto wangu hawajapata kipaimara. Wataruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana?

Katika PC(USA) ndiyo. Mezani hualikwa wote, watoto wakiwamo, na uamuzi wa lini mtoto yu tayari ni wa mzazi. Hapa hatupo kama PCEA, ambako huanza baada ya darasa la ukatekumeni. Kama dhamiri yako inakwambia asubiri, asubiri, mchungaji atambariki kwa mkono kichwani. Kinywaji ni maji ya zabibu yasiyo na kileo karibu kila mahali, na mkate usio na ngano hupatikana ukiuliza.

Mayai na sungura vinahusianaje na ufufuo?

Vinahusiana kidogo sana. Sungura aliletwa Pennsylvania na wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 18, na mayai ni desturi ya kale ya Ulaya ya kuyala tena baada ya mfungo. Jumamosi kabla ya Pasaka watoto hutafuta kwenye nyasi mayai ya plastiki yenye peremende. Mwache wako akatafute, wenzake wote wapo pale, kisha nyumbani msimulie habari za kaburi tupu.

Kile kisanduku cha karatasi chenye umbo la samaki ni cha nini?

Ni cha sadaka ya pamoja iliyoanza mwaka 1949, baada ya vita, kusaidia walioharibikiwa. Watoto hutia sarafu katika Kwaresima yote na kukirudisha Jumapili ya Mitende au Pasaka. Katika PC(USA) fedha hizo huenda kwenye huduma tatu: ya maafa, ya njaa, na ya kuwawezesha maskini wajiendeshe. Wapo kati yetu waliowahi kupokea msaada wa namna hiyo kambini, na watoto wao sasa wanajaza samaki. Nami huwaomba wazazi wawaeleze watoto habari hiyo.

Sadaka nyingine hutolewa kwa bahasha, hundi au mtandaoni. Hakuna harambee ya kutaja majina na kiasi, na hakuna atakayejua ulichotoa isipokuwa anayetunza hesabu.

Mchungaji ananiambia nimwite kwa jina lake tu. Siwezi.

Basi usilazimishe ulimi wako. Mwite Mchungaji, pamoja na jina lake. Ataelewa ukimweleza kwamba kwenu huwezi kumwita mtu aliyekubatizia mtoto kama unavyomwita mwenzako wa shuleni. Huenda ukakuta mchungaji ni mama. Kanisa la hapa lilianza kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji mwaka 1956. PCEA ilifuata mwaka 1982, kwa Nyambura Njoroge.

Je, makanisa yote yenye jina la Presbyterian Marekani ni kanisa moja?

Hapana. PC(USA) iliundwa mwaka 1983 kwa kuunganisha kanisa la kaskazini na la kusini. Makanisa mengine yalijitenga: PCA mwaka 1973, EPC mwaka 1981 na ECO mwaka 2012. Yanatofautiana juu ya kuwawekea mikono wanawake, juu ya ndoa, na juu ya namna ya kulisoma Neno. Soma herufi kwenye kibao, kisha muulize mchungaji waziwazi kanisa lake linaamini nini kabla hujajiunga.

Nitajiungaje, na cheti changu cha PCEA kina kazi?

Kina kazi. PCEA na PC(USA) ni washirika, na barua ya uhamisho kutoka kwa baraza la wazee la kwenu inapokelewa. Usipoipata, unaweza kupokewa kwa kuikiri upya imani yako. Hubatizwi mara ya pili. Sharika nyingi hupokea washarika wapya Jumapili moja baada ya Pasaka au siku ya Pentekoste, baada ya kukutana na baraza la wazee. Kikao hicho kinawatisha watu bure: huulizwa tu safari yako ya imani, na unaweza kuja na mkalimani.

Hapa hakuna anayenitembelea. Ushirika wao uko wapi?

Swali hili lina uchungu ndani yake, na nalisikia zaidi kwa akina mama. Nyumbani mzee wa wilaya yako alijua mlango wako, wenzako wa Woman's Guild, chama cha akina mama wa PCEA, walikuja bila hodi ya simu, na mtoto akizaliwa nyumba ilijaa. Hapa mtu anaogopa kukusumbua. Anaona kwamba kukuacha peke yako ni heshima, nawe unaona umeachwa.

Daraja lipo, nalo ni mashemasi. Kazi yao ni wagonjwa, wafiwa, wazazi wapya na walio na shida. Lakini hawajui mpaka waambiwe. Umezaa, umefiwa nyumbani, umelazwa: mpigie shemasi au andika kwenye kadi ya maombi iliyo kitini. Utaona watu wakipangana zamu ya kukuletea chakula, pengine wiki mbili mfululizo. Wakileta, wakaribishe ndani, maana wengi watasimama mlangoni wakidhani wanakuchosha. Nawe ukitaka kumtembelea mtu, piga simu kwanza.

Machipuko yana nafasi nyingine nzuri: Jumamosi ya kusafisha kiwanja cha kanisa, Aprili au Mei. Ni msaragambo kabisa. Leta reki na glavu. Sharika zenye bustani hugawa vipande vya ardhi wakati huo, na ukiomba mapema utapata pa kupanda sukuma na mchicha.

Kijana wangu ameambiwa atasimama mbele ya kanisa siku ya Pentekoste.

Ni kipaimara. Darasa huchukua miezi kadhaa, na kila kijana hupewa mshauri, mtu mzima wa usharika anayekutana naye. Washauri hukaguliwa rekodi zao, na sheria ya kanisa inataka kila usharika uwe na utaratibu wa kulinda watoto. Usichukie ukiombwa nawe ukaguliwe kabla ya kusaidia shule ya Jumapili. Kijana huandika mwenyewe maneno ya imani yake na kuyasoma mbele ya wazee. Msimwandikie.

Nimeombwa kusoma Matendo 2 kwa Kiswahili siku hiyo. Nifanyeje?

Kubali. Pentekoste sharika nyingi husoma sura hiyo kwa lugha zote za washarika, wakati mwingine kwa zamu, wakati mwingine wote kwa pamoja mpaka kanisa livume. Vaa nyekundu, ndiyo rangi ya siku. Soma kutoka kwenye Biblia yako uliyotoka nayo nyumbani, wala si kwenye simu. Jaribu kipaza sauti Jumamosi. Soma kwa sauti ile ile ambayo ungesomea kwenu, bila kupunguza kasi kwa ajili ya wasioelewa, kwa sababu siku hiyo hawahitaji kuelewa kila neno. Kama una mtoto anayekisoma Kiswahili kwa shida, mgawie mistari miwili mwezi mmoja kabla, na mfanye mazoezi mezani baada ya chakula.

Baada ya Pentekoste kuna nini?

Kwaya hupumzika, shule ya Jumapili hufungwa hadi Septemba, na sharika nyingi huanza ibada mapema zaidi kwa nusu saa au saa nzima kwa sababu ya joto. Uliza saa mpya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Juni. Watu watapungua kwa sababu ya safari, lakini Meza ya Bwana na kahawa ya baada ya ibada huendelea.

Naweza kuomba mkalimani wa ibada?

Omba kwa baraza la wazee, kwa maandishi, mkiwa nyumba mbili au zaidi mkiweza. Sharika kadhaa huchapa masomo na sala kwa Kiswahili pembeni ya Kiingereza, na kazi hiyo kwa kawaida huanza mtu mmoja anapojitolea kuitafsiri.